Deni la kodi linadaika hata kama hamkuandikishana

Mhariri, naomba kanafasi kadogo. Huku kwetu uswahilini ukimdai mpangaji kodi halafu hamkuandikishana, kila mtu anakwambia "huna mkataba, huna kesi, samehe tu". Mi waliniambia hivyohivyo, hadi dalali aliyemleta mpangaji mwenyewe!

Kijana alichukua chumba elfu 60 kwa mwezi, miezi sita ya kwanza akatuma yote kwa simu, laki 3 na 60, tukaelewana kwa mdomo mbele ya mjumbe basi. Baada ya hapo ikawa leo kesho, mwisho miezi saba haijalipwa, laki 4 na 20. Mwanangu akataka kung'oa mlango, wengine wakasema toa bati mvua imnyeshee atahama mwenyewe. Nikakataa, maana ukishang'oa mlango bila amri yoyote na yeye akisema tivii yake imepotea, sasa nani anamdai nani?

Aliyenifumbua macho ni dada mmoja msaidizi wa kisheria wa kata yetu. Kumbe Sheria ya Ardhi ya 1999 inaruhusu upangaji wa mwaka mmoja au pungufu uwe hata wa mdomo, na kudai kodi ya nyuma una miaka 6 toka ilipotakiwa kulipwa. Shida ni ushahidi tu. Akaniuliza mama, simu yako umefuta meseji? Nikasema sijui hata kufuta, akacheka sana. Tukakuta ile ya muamala wa laki 3 na 60 ina jina lake kamili, halafu tukakuta na hii: "Mama shkamoo, samahani najua ni miezi mi5 sasa nitakumalizia yote tarehe 5". Yaani kajifunga mwenyewe! Na ushahidi wa simu unatambulika toka sheria ya miamala ya kielektroniki ya 2015, sio karatasi tu.

Nikamwandikia barua ya madai, nakala kwa mwenyekiti wa mtaa, kimya. Nikaenda Baraza la Kata, ambalo toka 2021 halihukumu tena, linasuluhisha tu, msiende mkitegemea atafungwa mtu. Mjumbe akaeleza alichoshuhudia, meseji ikasomwa kwa sauti, kijana akainamisha kichwa, hakubisha hata moja. Akatoa laki na nusu palepale, iliyobaki elfu 50 kila mwezi na safari hii tukaandika, akasaini. Ingeshindikana ningepanda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya na hizohizo meseji.

Kashalipa miezi mitatu, amehama kwa amani, namdai laki na ishirini. Juzi kanitumia meseji nyingine eti mama mwezi huu nivumilie. Sijaifuta.

Mama mwenye nyumba,
Mbagala, Dar es Salaam