Barua kwa mwanangu: kabati lisubiri kwanza

Mwanangu mpenzi,

Pokea salamu zetu wewe, mkwe wangu na wajukuu. Sisi huku Ngamiani, Tanga, hatujambo, na kifua cha baba yako kimetulia. Ile picha ya chumba cha watoto nimeipata. Niliikuza kwa vidole mpaka nikaona vizuri: kamba ya nguo imekatiza juu ya kitanda, mabegi yamepandana hadi dirishani, na ndoo ya unga iko chini ya meza pamoja na viatu. Ndipo nikasoma ujumbe wako kwamba unataka kukopa ununue kabati la milango mitatu, laki nne na nusu, urejeshe kidogo kidogo.

Mama, naomba lisubiri. Sikukatazi moja kwa moja, nakuomba mwezi mmoja tu. Kwanza hii mikopo ya riba kubwa, ya kausha damu, naiogopa, nimeona jirani zangu wanavyofuatwa milangoni. Pili, chumba chenu nakijua. Kabati hilo litakula ukuta mzima, na yale mabegi ya dirishani yatahamia juu yake. Mwaka ulioolewa tulinunua kabati la vyombo kwa fikra hiyohiyo, na mpaka leo nusu yake ni vyombo ambavyo hatujampakulia mgeni hata mmoja.

Nikueleze yaliyonikuta mimi. Masika yalipokatika mwaka jana niliingia chumba cha uani, kile mlichokuwa mkilala wewe na mdogo wako, kutafuta mkeka. Nikakuta mchwa wamepanda kutoka sakafuni, wamepita kwenye maboksi ya vitabu vyenu vya shule, wamefika kwenye godoro tulilolisimamisha ukutani. Nilipolivuta, mgongo wa godoro ulibaki umeshikana na ukuta, udongo mtupu. Vitabu ukivishika vinamomonyoka. Nilikaa kizingitini nikalia. Godoro halikuniuma. Kilichoniuma ni kwamba miaka miwili nyuma binti wa jirani, yuko kidato cha tatu, alikuja kuniomba vile vitabu, nikamwambia vya wanangu sivitoi. Sasa hana yeye, hamna nyinyi, na mimi nimefagia udongo.

Siku hiyohiyo nikaamua nyumba nzima lazima niipitie. Nilianza na vya kwangu. Zamani hapo ndipo nilipokuwa nakosea: kila nikitaka kupanga nyumba nilikimbilia vitu vya baba yako, tukagombana, nikaacha. Safari hii nilitoa kanga zangu zote nikazitandaza kitandani. Doti 19, na ninazozivaa ni sita. Zilizochakaa nikazitenga za kudekia na kushikia sufuria. Zilizo laini bado nikampelekea mke wa jirani aliyejifungua, akapata za ubeleko na nepi. Mpya nne, ambazo hata kukatwa na kupindwa hazijawahi, nikaziweka za zawadi, maana harusi haziishi mji huu.

Chini kabisa ya sanduku la kanga nikakuta kopo la maziwa ya unga, na ndani yake noti saba za elfu kumi, zile za zamani. Niliziweka mwenyewe mwaka mmoja nilipopokea zamu yangu ya mchezo wa kuchangishana pesa, nikasahau. Benki Kuu ilitangaza kwamba noti zilizotolewa tangu mwaka 1985 hadi 2003, pamoja na ile ya mia tano ya 2010, zibadilishwe kuanzia tarehe 6 Januari hadi 5 Aprili 2025. Tangazo tulilisikia redioni sote wawili, tukasema hapa kwetu hakuna kitu kama hicho. Mimi nililifungua lile kopo mwezi Juni. Elfu sabini, mwanangu, ni sare za wajukuu wangu wawili na viatu juu. Ndiyo maana nakusisitizia: kila begi, kila mkoba, ingiza mkono mpaka kwenye kona za bitana kabla hujatoa wala kutupa chochote.

Baba yako alikuwa barazani ananitazama tu. Siku ya tatu akaniita mwenyewe, akasema, "Njoo basi tuziangalie na zile redio." Zilikuwa 11, nyingi zililetwa kwake kutengenezwa. Tulitandika mkeka uani, akawa anaichukua moja moja, anaipuliza vumbi, ananieleza ilikuwa ya nani na kwa nini mwenyewe hakurudi kuichukua. Sikumharakisha. Asubuhi nzima tulimaliza nne. Mwishowe akabakisha moja, ile ya mbao aliyoinunua kabla hujazaliwa, pamoja na bisibisi zake zote. Nyingine akampa kijana fundi wa barabara ya pili atoe spika na vipuri, na kijana huyo sasa huja jioni kumuuliza mambo ya ufundi, wanakaa mpaka magharibi. Ningezitupa siku yuko msikitini ningepata nafasi ya rafu mbili, na asingenisamehe. Kwa hiyo vitu vya mumeo usiviguse akiwa hayupo. Mwache aanze kuona vyako vinavyopungua.

Uani nilikwenda haraka zaidi, hakuna cha kuhurumia. Sufuria zilizotoboka, fremu ya baiskeli, vipande vya bati, ndoo zisizo na kitako. Wanunuzi wa vyuma chakavu wakapima, wakanipa shilingi 36,000. Sufuria zile za alumini ndizo zilizolipa, chuma ni bei ya chini. Na mifuko ya rambo! Ilipigwa marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019 na mimi nilikuwa bado nimeirundika ndani ya mfuko mwingine, nyuma ya jiko. Lakini vilivyonitisha ni makopo na vifuu vilivyokaa nyuma ya choo. Mwaka ule wa 2019, homa ya dengi ilipoingia Dar es Salaam na kutufikia huku Tanga, tulielezwa kwamba mbu wake huuma mchana na hutaga kwenye maji safi yaliyotuama, hata kidogo tu kwenye kopo au tairi. Mayai yake hugandia ukutani mwa chombo na yanaweza kukaa makavu miezi, mvua ikinyesha yanaanguliwa. Kwa hiyo lile tairi mnalokalia nje ya mlango, na yale madumu yenu ya maji ya akiba, kumwaga peke yake hakutoshi. Yasugue kwa ndani, uyafunike. Tairi litoke kabisa.

Sasa nyumba yako. Usianzie sebuleni kwa sababu ya wageni. Anza chumba cha watoto, chini ya kitanda, kwa sababu ndipo wanapolala na mjukuu wangu ana kikohozi kisichokwisha. Jumamosi moja, kitanda kimoja, basi. Toa kila kitu nje kwenye mkeka juani. Nguo zisizowatosha wape watoto wa kwa dada yako zikiwa bado zina vifungo, usingoje mpaka zipauke. Zilizobaki zikae juani kutwa nzima. Ukizirudisha weka majani makavu ya mwarobaini katikati ya nguo. Vile vidonge vyeupe vya kufukuza wadudu usiviweke, mtoto mdogo hudhani ni pipi, na ni sumu. Mafuta ya taa na dawa ya choo nimeona kwenye picha viko kwenye chupa za soda. Hilo usingoje Jumamosi, vitoe kwenye chupa hizo leo ukimaliza kusoma hapa.

Kisha tafuta tofali nne za saruji za inchi sita, uzilaze bapa, moja kila mguu wa kitanda. Utapata nafasi ya mabegi yote yale ya dirishani, hewa itapita, na ukifagia ufagio utafika ukutani. Mabegi yasiguse ukuta wala sakafu tupu. Weka kipande cha ubao chini yake, ukuta wa chumba cha kupanga hutoa unyevu masika. Vyakula vitoke chini ya meza. Mimi nilinunua ndoo tatu za lita 20 zenye mifuniko, elfu sita kila moja, kwa muuza mafuta ya kula sokoni: moja unga, moja mchele, moja maharage. Panya wameacha kuja jikoni. Lakini angalia sana, uchukue zilizokuwa na mafuta ya kula. Zilizokuwa na rangi hata uzioshe vipi usitie chakula, hizo ni za viatu. Seremala alinipigia rafu moja juu ya mlango wa jiko kwa mbao zetu wenyewe, elfu kumi, na misumari nusu kilo 2,500. Kwa hesabu hiyo pesa ya vyuma chakavu ilinibakizia 5,500. Nawe uza kwanza, ndipo ununue.

Karatasi nimeziacha mwisho kwa sababu zinaniuma. Ulipokuwa kidato cha pili nilikusanya karatasi zote zilizokuwa juu ya kabati nikamuuzia mama wa maandazi afungie. Humo mlikuwa na kadi yako ya kliniki na tangazo lako la kizazi. Ulipofika wakati wa kutafuta cheti cha kuzaliwa, unakumbuka tulivyozunguka, kwa mjumbe, kwa mtendaji, mpaka kiapo. Hukunilaumu hata siku moja, nami sikuwahi kukuomba radhi. Nakuomba leo. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na watoto wako watatu ni zaidi ya mali: nunua bahasha tatu za kaki, andika jina la kila mmoja, weka kadi ya kliniki, cheti, ripoti za shule. Ya nne iwe ya mkataba wa nyumba na stakabadhi za kodi. Zote ziingie kwenye begi moja, ambalo hata mafuriko ya Mbagala yakija usiku utalinyakua gizani.

Najua mwenye nyumba hapendi misumari ukutani. Kwa hiyo nimekushonea kitu cha kuning'iniza nyuma ya mlango. Nimechana kiroba cha unga cha kilo 25 kiwe mgongo, kisha nikakishonea mifuko 12 ya vitenge vilivyobaki, mistari mitatu, minne minne. Mstari wa chini nimeupanua kwa ajili ya viatu vya watoto, wafikie wenyewe. Kile kijani cha katikati ni kitenge ulichovaa siku ya mahafali ya darasa la saba; kilikuwa kimetoboka begani, lakini sehemu uliyokuwa ukiikalia bado ni nzima. Juu nimepitisha kamba ya katani.

Namkabidhi kondakta wa basi la asubuhi kesho. Mkwe wangu akienda kukipokea stendi ya Magufuli pale Mbezi, aulizie kiroba cheupe, nimeandika jina lako kwa kalamu nyekundu pande zote mbili. Kashata za watoto ziko kwenye mfuko wa juu, wa kushoto.

Ni mimi mama yako