Kwa yaya, ndugu yangu mkubwa, aliyeuliza fedha zinakwenda wapi

Yaya mpendwa,

Ujumbe wako wa Jumapili niliusoma mara mbili, kisha nikamsomea Mama kwa sauti. Unasema kwamba huko Kinshasa umesikia mfumuko wa bei umeshuka hadi chini ya asilimia 10, kwamba faranga yetu imepata nguvu mbele ya dola, na unauliza, bila hasira, inakuwaje dola 100 unazotutumia kila mwezi zinaisha kabla ya tarehe 20. Ninakujibu kwa barua ya wazi kwa sababu swali hilo si lako peke yako. Hapa Katuba, mtaani kwetu Lubumbashi, ninajua nyumba tatu ambazo ndugu walio mbali wameuliza vivyo hivyo, na katika mojawapo ndugu hawasalimiani tena, kwa kuwa mmoja aliamini takwimu na mwingine akaamini sufuria, na hakuna aliyekaa na mwenzake kumweleza kwamba vitu hivyo viwili havipimi jambo moja.

Sitasema kwamba takwimu uliyoisikia ni ya uongo. Benki Kuu ya Kongo hufuatilia bei kila wiki, na ninaamini kwamba wanaofanya kazi hiyo wanaifanya kwa bidii. Lakini wanachotangaza ni kasi ya bei kupanda. Chukua kitu kilichouzwa faranga 10,000 mwanzoni mwa 2023. Mwaka huo bei zilipanda kwa zaidi ya asilimia 23, na mwaka uliofuata kwa karibu asilimia 12, kwa hiyo kufikia mwisho wa 2024 kitu hicho, kwa wastani, kilikaribia faranga 13,800. Redio ilitangaza kwamba mfumuko umepungua kwa nusu, na ilisema kweli. Ila bei haikurudi nyuma hata kidogo, iliendelea kupanda kwa hatua fupi zaidi. Aliyebeba gunia kichwani hapunguziwi uzito kwa kuambiwa kwamba gunia la pili litaletwa taratibu. Na mapato hayakupanda pamoja na bei hizo: mshahara wa chini wa siku, uliowekwa kuwa faranga 7,075 mwaka 2018, ulikaa palepale hadi 2025. Miaka saba, Yaya.

Kuhusu nguvu ya faranga, hapo ndipo nilipotaka sana unielewe, kwa sababu unafikiri imetusaidia. Mwanzoni mwa 2025 dola moja ilikuwa ikibadilishwa kwa zaidi ya faranga 2,800, na mwisho wa mwaka huohuo ilikuwa chini ya 2,400. Wewe ulituma dola 100 zilezile, lakini mezani kwa mbadilisha pesa nilipokea zaidi ya faranga 280,000 mwanzoni mwa mwaka, na chini ya 240,000 mwishoni. Anayelipwa kwa faranga na kulipa kodi ya nyumba kwa dola alifaidika, na ninamfurahia. Sisi tunapokea dola na kununua chakula kwa faranga. Nilipowauliza wauzaji kwa nini bei zao hazishuki kama dola ilivyoshuka, walinijibu kwamba mzigo walio nao waliununua dola ilipokuwa ghali, na kwamba hawana hakika kama faranga itabaki hapo. Baadhi ya bidhaa za dukani zilipungua kidogo, sitakuficha. Kilichomo ndani ya sufuria yetu hakikupungua kwa kiasi hicho.

Sufuria yetu unaijua. Ni bukari, yaani ugali wa mahindi, na unga wa bukari ya Lubumbashi kwa sehemu kubwa hutoka Zambia kupitia mpaka wa Kasumbalesa, kilomita zipatazo 90 kutoka hapa. Malori yanayobeba shaba yetu kwenda kusini hupishana njiani na malori yanayotuletea chakula. Ukame ulipoikumba Zambia, Rais Hakainde Hichilema akautangaza kuwa janga la taifa mwezi wa Februari 2024, sisi tulijua kabla ya mtu yeyote kututangazia chochote. Mwezi wa Agosti mwaka huohuo Zambia ilifunga mpaka kwa siku chache kwa sababu ya mgogoro wa biashara ya bia na vinywaji baridi, na sokoni watu walikimbilia unga. Kiwango cha riba cha Benki Kuu, kilichopandishwa hadi asilimia 25 mwaka 2023 na kupunguzwa mwaka 2025, kinaweza kuisimamisha faranga isianguke. Hakiwezi kuleta mvua upande wa Zambia. Pia mahindi yana majira yake. Mwezi wa Juni, baada ya mavuno, tunapumua; kuanzia Novemba hadi Februari tunabanwa. Nchi ikijumlishwa yote, Kinshasa na mihogo yake, Kivu na viazi vyake, Katanga na mahindi yake, kila maumivu yanapewa nafasi yake ndogo, na inayotoka ni namba tulivu ambayo haiishi katika mji wowote.

Wastani huo una jambo jingine ambalo nililielewa polepole. Kila bidhaa hupewa uzito kulingana na sehemu yake katika matumizi ya watu wote kwa jumla, na katika jumla hiyo anayetumia sana anahesabika sana: nyumba inayotumia dola 3,000 kwa mwezi ina uzito sawa na nyumba kumi zinazotumia 300. Mjerumani Ernst Engel alionyesha tangu mwaka 1857 kwamba kadiri familia ilivyo maskini, ndivyo sehemu kubwa zaidi ya mapato yake inavyokwenda kwenye chakula. Kwetu, katika kila faranga 10,000 zinazoingia, zaidi ya 6,000 zinakwenda kwenye chakula, na makala, yaani makaa, ya kukipikia yanachukua nyingine elfu na zaidi. Kinachobaki kinagawanywa kwa maji, teksi, sabuni na minervali, yaani ada ya shule, ya mtoto aliye sekondari. Simu na magari yakishuka bei, wastani wa nchi unapoa. Jiko letu halijui habari hizo.

Sasa niruhusu nikupeleke soko la Kenya, mtaa wa hapa Lubumbashi, maana umeondoka zamani na huenda umesahau. Kwa watu kama sisi unga haupimwi kwa kilo, unapimwa kwa kopo la bati, meka. Muuzaji mwema alikuwa akilijaza mpaka unga ukafanya kilima juu, na kilima hicho kilikuwa chakula cha mtoto mmoja. Mwaka 2023, unga ulipopanda mjini hata ikawa hakuna mazungumzo mengine, kilima kilianza kusawazishwa kwa ubao, na baada ya hapo tu ndipo bei ilipobadilika. Makopo mengine yamegongwa kitako yakaingia ndani. Hali ni hiyohiyo kwa nyanya. Noti za faranga 50 na 100 zimekuwa adimu, na chache zilizopo zimechakaa hata hazipokelewi, kwa hiyo muuzaji hana njia ya kupandisha fungu kutoka 500 hadi 550. Anaiacha bei palepale na kuondoa nyanya moja, mwezi unaofuata anaondoa nyingine, mpaka fungu likitia aibu, ndipo bei inaruka ghafla hadi 1,000. Anayekusanya takwimu akipima fungu kwa mizani atauona mpando huo, na kanuni za kazi yake zinamtaka apime. Akiuliza bei tu, ataandika 500 leo na 500 mwezi ujao. Sisi tunaopima kwa sahani tunaujua ukweli jioni ileile.

Na anayenunua kidogokidogo hulipa zaidi. Kilo ya unga katika gunia la kilo 25 ni nafuu kuliko kilo ileile ikinunuliwa kwa meka, na makala ya gunia ni nafuu kuliko makala ya fungu. Lakini gunia linataka fedha zote kwa siku moja. Nimewahi kukosa gunia kwa sababu dola uliyotuma na msafiri ilikuwa na mpasuko mdogo kama ukucha pembeni. Unajua kwamba huku noti ya dola iliyopasuka hivyo hukataliwa au hupunguzwa thamani. Siku tatu nilizozunguka nikitafuta wa kuipokea, tulikula kwa meka.

Yaya, umeniomba nikutumie daftari la matumizi, na nitalituma. Ila nakusihi usilisome kama unavyosoma hesabu za kazini, kwa sababu daftari hilo nalo linaweza kukuonyesha utulivu ambao haupo. Utaona kwamba chakula mwaka huu kimetugharimu karibu sawa na mwaka jana. Ni kweli, kwa kuwa hatuwezi kutumia tusichokuwa nacho. Jumla haikubadilika, vilivyobadilika ni vitu vilivyo nyuma ya jumla. Nyama haimo tangu sikukuu. Mafuta tunanunua kwa kikombe kidogo. Chai ya asubuhi imebaki kwa Mama na wadogo, na chakula cha mchana kimesogezwa hadi saa kumi ili kiwe pia cha jioni. Nyumba iliyoacha kununua kitu haiathiriki tena na bei yake, na mtu aliye mbali anaweza kudhani imetulia. Hilo ndilo lililoniuma katika ujumbe wako, kwa sababu nimefanya kazi kubwa kuifanya jumla hiyo isipande, na umeuliza kana kwamba maisha hayajapanda.

Ninajua utanikumbusha miaka ya utoto wetu. Mwaka 1993 fedha ya zaire mpya ilipoletwa, moja kwa zaire 3,000,000 za zamani, na mwaka 1994 mfumuko ukakaribia asilimia 10,000, Mama alikuwa akipokea fedha asubuhi na kuzimaliza kabla ya jua kupanda. Ulinganisho huo ninaukubali, na sitaki miaka ile irudi. Lakini wakati ule hakuna aliyehitaji kumshawishi mwenzake. Kila aliyekuwa na zaire mkononi aliliona jambo hilohilo siku hiyohiyo, na anayeomba msaada hakuulizwa fedha zimekwenda wapi.

Nina maombi mawili. Kwanza, kama unaweza, usigawe msaada wako sawa kwa miezi yote. Tutumie zaidi mwezi wa Juni, hata kama utapunguza mwezi wa Agosti, ili tununue magunia matatu wakati mahindi ni rahisi na tufike Desemba bila kununua meka. Pili, kabla ya kutuma, uliza kiwango cha kubadilisha dola cha Lubumbashi, na utufikirie kwa faranga badala ya dola.

Mama anakusalimu. Bado analo lile kopo alilopimia unga tulipokuwa watoto, na ndani yake alikwaruza mstari kwa msumari. Kila nikirudi kutoka sokoni anaumimina humo unga wa meka moja, anausawazisha kwa kiganja, anatazama. Wiki iliyopita uliishia kidole kimoja na nusu chini ya mstari. Ameniagiza nikuandikie hilo kama lilivyo.

Mdogo wako,
Katuba, Lubumbashi