Kwa vijana wa Mwaloni, kabla hamjapitisha katiba yenu

Mwangaluka, wanangu na wajukuu zangu.

Rasimu ya katiba ya kikundi chenu cha kuanika dagaa hapa mwaloni nimeisoma yote, kurasa saba, kwenye simu ya mjukuu wangu mpaka macho yakatoa machozi. Safari nyingine nileteeni karatasi. Kazi mmefanya: zamu za vichanja zimepangwa, hesabu za mfuko ziko wazi. Lakini kifungu cha 9 kimeninyima usingizi. Mmeandika: "Kamati inaweza kumwondoa mwaloni mtu yeyote asiyetakiwa, na uamuzi wake utakuwa wa mwisho." Nikamuuliza katibu wenu maneno hayo mmeyatoa wapi. Akacheka. "Babu, hiyo ni lugha ya kawaida ya katiba."

Ni ya kawaida kweli, na mimi najua ilikotoka. Kwa kuwa vikundi vya mialo mingine, kule mitumbwi inakoshusha samaki, navyo vinaandika katiba siku hizi, barua hii naiacha wazi, asome anayetaka.

Mkisikia ukoloni mnaona bunduki na kiboko. Vilikuwepo, na wazee wetu waliviita viboko vya Mjerumani "hamsa ishirini", maana vilikuwa ishirini na tano. Hata hivyo vilikuwa na karatasi yake, agizo la 1896. Karatasi ndiyo iliyochukua zaidi, tena polepole, na kwa lugha ya adabu. Tarehe 26 Novemba 1895 ilitoka amri ya Kaisari wa Ujerumani kwamba ardhi ya koloni isiyo na mwenyewe ni mali ya dola. Haikutamka mahali popote kwamba watu wananyang'anywa. Haki za watemi na za wenyeji ziliachiwa nafasi, ila anayedai alipaswa kuthibitisha. Sasa mtu wa Magu, ambaye babu yake amezikwa pale pale ng'ombe wanapolala, athibitishe kwa hati gani, mbele ya nani, kwa lugha ipi? Alilala mwenye ardhi akaamka mdai, wala hakuna aliyepita kumwambia.

Hapo ndipo nawaomba mfungue kifungu chenu cha 4, kinachosema atakayepewa nafasi ya kuanika ni yule "atakayethibitisha ukazi wake mwaloni". Wale akina mama wanaoanika juu ya mchanga kwa miaka ishirini watathibitisha na nini? Najua hamkukusudia ubaya. Lakini mtakapokuja kugawana vichanja, mwenye karatasi atapata na mwenye miaka ishirini ataambiwa arudi kesho.

Baada ya ardhi ikaja kodi. Sheria ya kodi ya nyumba ilitungwa 1897, rupia 3 kwa nyumba ya shamba. Rupia haioti mtamani. Ili uipate uuze kitu au ukamfanyie mtu kazi, na hilo ndilo lililokuwa shabaha. Waingereza walipochukua nchi hawakuitupa; walitunga ya kwao mwaka 1922, kodi ya nyumba na ya kichwa, na asiye na fedha aliweza kuilipa kwa jasho.

Baba yangu alikuwa na mkebe wa bati aliouweka juu ya dari pamoja na mbegu za mtama. Ndani yake risiti za kodi, kila mwaka na yake, zimefungwa kwa uzi wa pamba aliousokota mwenyewe. Akienda gulioni, ya mwaka ule aliikunja ndani ya kitambaa na kuifunga kiunoni. Nikiwa na miaka tisa tulisimamishwa njiani na tarishi wa mtemi. Baba alikuwa mtu mzima, mwenye wake wawili na zizi, lakini alivua kofia na kuanza kufungua fundo la kitambaa, na fundo likakataa. Tarishi alikuwa kijana wa rika la kaka yangu, akipiga fimbo yake taratibu kwenye ndala huku akingoja. Hakututukana. Risiti ilipotoka aliisoma, akairudisha, tukaendelea na safari. Baba hakusema neno mpaka tukafika nyumbani, na mimi sikuuliza. (Kifungu chenu cha 12, cha asiyelipa ada kufagia mwalo siku tatu bure, nimekipiga mstari. Ada idaieni kama deni.)

Mwaka 1923 Waingereza walitoa sheria mbili ambazo wengi hawazitaji pamoja. Ya kwanza ni ya ardhi: ardhi yote ya Tanganyika ikawa ya umma, chini ya Gavana, na wewe ukabaki na haki ya kuikalia tu. Mwaka 1928 waliongeza kwamba mwenyeji anayekaa kwa mila "atahesabiwa" kuwa na haki hiyo. Kuhesabiwa! Wameru walijua uzito wa neno hilo mwaka 1951, walipoondolewa Ngarenanyuki, kule Arusha, kuwapisha walowezi, mpaka mwenzao Kirilo Japhet akapeleka kilio chao Umoja wa Mataifa. Ya pili ni ya mabwana na watumishi. Leo ukigombana na tajiri wa mtumbwi ukashuka na kuondoka, huo ni ugomvi wenu wa hesabu. Wakati ule kibarua aliyeacha kazi kabla ya mkataba kuisha alikuwa mhalifu, na kwenye uhalifu kuna faini na kuna jela.

Watemi nao msiwasahau. Mtemi wa Kisukuma alisimikwa na wazee, na mvua ikikataa mfululizo aliweza kuondolewa. Sheria ya Mamlaka ya Wenyeji ya 1926 ilimpa mshahara, karani na mahakama, na juu yake ikamweka DC wa Kiingereza. Alibaki kwenye kigoda kile kile, ila banamhala, wale wazee waliomsimika, hawakuwa tena watu wa kumtoa. Ndipo kwa jina lake zikaja amri za kupiga matuta, kulima mihogo, kung'oa na kuchoma mashina ya pamba, na atakayekaidi alipie faini.

Niseme haki: si kila amri ilikuwa ya kipumbavu. Ziwa letu la Victoria lilichunguzwa mwaka 1927 na 1928, ikashauriwa wavu wa ngege, samaki wetu wa asili, usiwe na tundu chini ya inchi 5. Ushauri ule ulikuwa na akili, na ngege wenyewe leo mnawasikia kwa wazee tu. Tatizo langu ni kwamba mvuvi hakuitwa kikaoni. Alikutana na sheria majini.

Mwaka 1931 waliweka sheria ya mikopo iliyofanya asiye Mwafrika ashindwe kumdai Mwafrika mahakamani bila kibali. Waliita ulinzi. Nani basi angemkopesha mfanyabiashara Mwafrika bidhaa za duka? Mwaka 1944 ikaja nyingine ya kuwaondoa mijini watu wasiotakiwa. Soma tena kifungu chenu cha 9. Na mwaka 1954 kila chama kikatakiwa kusajiliwa, ndivyo TANU ilivyozuiwa kufungua matawi Usukumani mpaka 1958. Mwaka huo watu wa Geita waliopinga baraza la mchanganyiko wa rangi, Waafrika, Wazungu na Waasia, walikuja mpaka hapa Mwanza, bila daraja la Kigongo wala basi, na polisi wakawatawanya.

Sasa nifike kwangu. Bendera ilibadilika 1961, makabati hayakufunguliwa siku ile. Tume ya Jaji Nyalali, ile ya mfumo wa vyama, ilipomaliza kazi mwaka 1992 ilitaja sheria 40 za kufutwa au kurekebishwa, na baadhi zilikuwa zile zile za kikoloni, kama ya 1921 ya kuadhibu kijiji kizima kwa kosa la wachache. Mimi wakati huo nilikuwa karani wa miaka mingi. Mwaka 1983, kwenye operesheni ya Nguvu Kazi, niliwekwa mezani kuandika majina ya waliokamatwa mjini bila kitambulisho cha kazi. Niliandika kwa mwandiko mzuri. Mmoja alikuwa muuza maji niliyemfahamu. Alinunulia watoto wangu miwa. Akaniambia, "Karani, wewe unanijua." Nilimjibu kwamba fomu haina nafasi ya hilo. Ilikuwa kweli, fomu haikuwa nayo. Akapandishwa kwenye lori, sikumwona tena hapa mjini.

Kwa hiyo kifungu cha 9 nakiomba kiandikwe upya. Taja makosa yenyewe, moja moja: wizi wa dagaa, kupigana, kuchafua maji. Mshitakiwa aambiwe kosa lake kwa maandishi na apewe siku saba. Asikilizwe mbele ya watu, na aliyemshitaki asikae upande wa waamuzi. Akishindwa, awe na pa kukata rufaa, mkutano mkuu unatosha. Neno "asiyetakiwa" lifutwe kabisa, na "wa mwisho" vilevile. Kifungu cha 4 ongezeni kwamba ushahidi wa majirani watatu unakubalika sawa na barua ya mtaa.

Cha rambirambi sijakigusa, ni kizuri, ila elfu kumi haitoshi hata sanda. Jumamosi nitakuwapo nyumbani baada ya sala ya alasiri. Njooni na akina mama wa mchangani, angalau wawili, na mje na rasimu iliyochapwa kwa herufi kubwa.

Mzee wenu,
karani mstaafu, Kirumba.