Binamu, achana na Loire ya Agosti, njoo Tronçais mwezi Mei

Binamu,

Nimeona ule mpango uliotuma kwenye grupu la familia na nimeona bora nikujibu hapa hadharani, maana najua wako wengine wengi wenye mpango kama wako. Tangu uende Kigali Septemba 2025 kuangalia mashindano ya dunia ya baiskeli huna habari nyingine, na mi nakuelewa kabisa, ndo ilikuwa mara ya kwanza yanafanyika Afrika, afu mwaka mmoja kabla Girmay, yule mwendesha baiskeli wa Eritrea, alikuwa ametoka kuchukua jezi ya kijani ya mshindi wa pointi kwenye Tour de France, nani asingepagawa. Ila sasa unataka kuja Ufaransa Agosti, ushuke na mto Loire kutoka Nevers mpaka baharini, na ukipata nguvu upande Alpe d'Huez, ule mlima maarufu wa Tour de France. Hapana bana. Njoo Mei, nikupeleke Tronçais, msitu wa mialoni katikati ya Ufaransa.

Sisemi Loire ni mbaya. Ile njia ina kama kilomita 900, imewekewa vibao kila mahali, na makasri ya wafalme yapo kweli. Lakini Agosti nusu ya Ulaya iko pale, baba na mama na watoto na vitrela vyao, na kupata nafasi ya baiskeli kwenye treni ni vita. We mwenyewe unaamka saa kumi alfajiri ili uwahi Bagamoyo Road kabla daladala na malori hayajaamka, kwa hiyo kitu unachokitafuta ni barabara tupu, sio kasri. Na barabara tupu Ufaransa zipo nyingi kuliko unavyodhani, tatizo hazitangazwi.

Siri yenyewe ni ramani. Tafuta ramani ya karatasi ya Michelin, ile ya mkoa. Barabara kubwa wanazichora nyekundu, za kati njano, afu kuna nyeupe, nyembamba, zinazokwenda shamba hadi shamba na kijiji hadi kijiji. Hizo nyeupe ndo zako. Zimewekwa lami karibu zote, upana wa gari moja na kidogo, na unaweza kukaa saa nzima usipishane na kitu zaidi ya trekta. Ukiona nyeupe imepigwa mstari wa kijani pembeni ujue wachoraji wenyewe wanakwambia hapa pazuri. Programu ya simu nayo inasaidia ila ukiiachia ichague peke yake itakupitisha njia fupi, na fupi mara nyingi ndo yenye malori.

Sasa nikupeleke ninapotaka uende. Shika treni Paris pale kituo cha Austerlitz mpaka Bourges, kama masaa mawili hivi, afu treni ndogo ya mkoa mpaka Saint-Amand-Montrond. Treni hizi ndogo baiskeli mara nyingi haina nauli, unaipandisha tu na kuining'iniza. Hapo uko katikati ya Ufaransa, na simaanishi kwa kukadiria, kuna vijiji kama vitatu vinagombania kuwa ndo kitovu chenyewe cha nchi. Bruère-Allichamps wana nguzo ya mawe ya Warumi katikati ya barabara, Vesdun wana duara lao la vigae, Saulzais-le-Potier nao hawakubali. Mi siamui ugomvi wa watu, ila Bruère ukifika uko jirani na Noirlac, abasia ya watawa ya tangu karne ya 12, kuta nyeupe tupu bila mapambo, ingia hata nusu saa.

Kutoka Saint-Amand unashuka kusini na mto Cher. Drevant kuna mabaki ya ukumbi wa maigizo wa Warumi pembeni kabisa mwa njia, na hapohapo unapita mfereji wa zamani, Canal de Berry. Huo mfereji mi naupenda kuliko makasri yote ya Loire. Ulichimbwa karne ya 19 mwanzoni, na ili kubana matumizi wakajenga milango yake ya maji upana wa mita 2.7 tu, kwa hiyo ikabidi viundwe vyombo vyembamba maalum, vikawa vinavutwa na punda, punda anatembea kando na familia nzima inaishi ndani ya chombo. Mwaka 1955 serikali ikaufunga. Saiz sehemu nyingine ina maji na bata, nyingine imefukiwa, nyingine ni majani tu, na palipokuwa pa punda vipande vingi pamekuwa njia ya baiskeli. Watu wa Lamu wangecheka, wao punda wao bado yuko kazini.

Ukifika Urçay kata kushoto uingie msituni. Tronçais, binamu. Zaidi ya hekta 10,000 za mialoni, na ile mirefu imesimama wima bila tawi mpaka juu kabisa, mwanga unashuka kwa vipande, na barabara inakwenda mbele imenyooka mpaka macho yanachoka kuifuata. Hii miti haikuota hivi kwa bahati. Mwaka 1670 Colbert, waziri wa mfalme Louis wa 14, aliamua msitu utunzwe ili baadaye utoe mbao za meli za kivita, na mwaloni unataka miaka kama mia mbili ndo uwe mtu mzima. Katikati hapo, 1788, likajengwa karakana la kuyeyusha chuma, likakata sehemu kubwa ya msitu kwa ajili ya mkaa. Iliyobaki ilipokomaa, meli zilishakuwa za chuma, sa mbao za meli za nini tena? Zikapata kazi nyingine, mapipa ya mvinyo, na mpaka leo watengeneza mapipa wanaugombania mwaloni wa Tronçais.

Lala Saint-Bonnet-Tronçais, kuna bwawa la kuogelea na sehemu ya kupiga hema. Kesho yake zunguka msitu bila haraka, nenda mpaka bwawa la Pirot, lilichimbwa kulisha maji ule mfereji niliokwambia, afu toka msituni uelekee Hérisson. Hapo barabara inadondoka ghafla mpaka mto Aumance, juu yake magofu ya ngome, chini daraja na nyumba za mawe. Kupanda kutoka pale ndo mlima wako wa siku, mfupi ila unauma. Ukitoka hapo ni vilima vya kupanda na kushuka, uzio wa vichaka, na ng'ombe weupe wa Charolais ambao wataacha kula wakuangalie mpaka upotee. Ukifuata Aumance unarudi kwenye Cher pale Meaulne, afu Vallon-en-Sully, na kando ya mfereji unateleza tambarare mpaka Montluçon ukapande treni. Siku tatu zinatosha, nne ukiwa mvivu, na nakushauri uwe mvivu.

Sasa mambo ya tumbo, maana ukimya huu una bei yake na bei yenyewe ni kwamba hakuna duka. Usijidanganye kwamba utanunua maji njiani kama unavyonunua kwa Mangi. Kijiji kina kanisa, ofisi ya meya, sanamu ya wanajeshi waliokufa 1914 mpaka 1918, basi. Penye duka linafungwa saa sita na nusu mchana linafunguliwa saa tisa, Jumapili mchana sahau, Jumatatu hata bekari nyingi zimefungwa. Nunua mkate asubuhi. Maji yanaisha? Nenda makaburini, sikutanii, makaburi mengi yana bomba kwa ajili ya maua na waendesha baiskeli wote wanajua, soma tu kibao, kikiandikwa non potable usinywe. Ukikuta bekari iko wazi omba pâté aux pommes de terre, ni kama chapati mbili nene zilizobana viazi na krimu, haina nyama, na itakubeba kilomita 50. Na salimia kwanza! Ukiingia bila bonjour watakuhudumia kwa uso uleule ambao bibi angekupa ukipita bila shikamoo.

Barabarani dereva anatakiwa akuachie mita 1.5 nje ya mji na wengi kwa kweli wanafuata. Wa kuogopwa ni wewe mwenyewe vijijini, kwa sababu hapa gari linalotokea kulia kwako lina haki ya kupita kwanza, hata kama limetoka kwenye kichochoro, isipokuwa umeona kile kibao cha njano chenye umbo la almasi. Ukiona kibao gravillons punguza mwendo, wamemwaga kokoto juu ya lami mbichi na utateleza kwenye kona. Hedfoni acha nyumbani, faini yake euro 135. Helmeti kwa mtu mzima sio lazima kisheria, ila ukija bila helmeti mama yako ataniuliza mimi.

Na kwa nini Mei? Kwa sababu majani ni mapya, joto halijaanza kuchoma, na mwisho wa mwezi jua linazama saa tatu na nusu usiku. Septemba nayo tamu, kulungu dume wanaunguruma msituni jioni na watu wanakuja kuwasikiliza, ila ndo msimu wa uwindaji unaanza, ukikuta bango la chasse en cours, yaani uwindaji unaendelea, unageuza baiskeli bila ubishi. Kupe wapo miezi yote hiyo, jikague miguu kila jioni, huyu wa hapa anaambukiza Lyme na ni ugonjwa wa kweli.

Baiskeli usibebe, kuisafirisha kwenye ndege ni gharama na kichwa kinauma, tutakodi huku. Lete pedali zako na viatu, tyubu mbili na siti yako kama unaipenda sana. Mei ina sikukuu nyingi, tarehe 1, tarehe 8, na ile Alhamisi ya Kupaa kwa Yesu, wikiendi hizo treni zinajaa na maduka yanafungwa, kwa hiyo chagua wiki isiyo na sikukuu unitumie tarehe kabla sijaomba likizo kazini.