Mjomba, kabla tamko halijasomwa Jumapili

Mjomba,

Rasimu ya tamko la wazee wa kanisa kuhusu ndoa za jinsia moja imeshazunguka kwenye simu za nusu ya ukoo kabla haijafika madhabahuni. Kuhusu Maandiko sibishani nawe, hapo wewe ndiye mwalimu. Ila tamko lina makosa ya sheria, na kanisa la Nairobi halikosi mawakili wawili watatu kwenye viti.

Sentensi ya kwanza inasema Mahakama ya Juu ya Kenya "ilihalalisha ndoa za mashoga" mwaka 2023. Haikuhalalisha. Uamuzi wa Februari 24, majaji watatu dhidi ya wawili, ulihusu jina tu. Bodi ya NGO, yaani ya serikali ya kusajili mashirika yasiyo ya kiserikali, ilikuwa imekataa kusajili shirika lenye maneno "mashoga na wasagaji" katika jina lake, na mahakama ikasema kukataa huko kunavunja haki ya kujumuika iliyo katika Ibara ya 36 ya Katiba. Ndoa haikuguswa. Ibara ya 45(2) bado inampa mtu mzima haki ya kufunga ndoa na mtu wa jinsia tofauti, na Sheria ya Ndoa ya 2014 inasema ndoa ni muungano wa hiari wa mwanamume na mwanamke, wawe wake wangapi. Vifungu vya 162 na 165 vya Kanuni ya Adhabu, vinavyotumika kuadhibu ngono ya jinsia moja, kile cha miaka 14 jela na kile cha miaka 5, vipo palepale. Mahakama Kuu ilikataa kuvifuta Mei 24, 2019, na mojawapo ya hoja zake ilikuwa kwamba kuvifuta kungefungulia miungano ya jinsia moja mlango wa nyuma. Kwa hiyo mnapinga kitu ambacho mahakama zenu hazijakitoa.

Hofu ya tamko kwamba makasisi watalazimishwa kufungisha ndoa hizo ina uzito zaidi, lakini imeandikwa ovyo. Kasisi anayefungisha ndoa Kenya huvaa kofia mbili. Daraja lake la kubariki limetoka kanisani, ila leseni ya kufungisha imetoka kwa Msajili wa Ndoa. Kile cheti ambacho maarusi, mashahidi wawili na yeye mwenyewe hukitia sahihi pale kwenye meza ndogo, kwaya ikiendelea kuimba na mpiga picha akiwazuia watu wasipite, ni karatasi ya serikali. Waumini wengi hudhani ni ya kanisa. Asiyetaka kanisa huenda Sheria House, ofisi ya serikali, hutoa notisi, husubiri siku 21 kama hakuna pingamizi, na ndoa hufungwa bila sala hata moja.

Nchi nyingi zilizobadilisha sheria ya ndoa zilishika hiyo karatasi na kuiacha sala. Afrika Kusini, kwa sheria ya 2006, dhehebu lenyewe ndilo huomba kibali cha kufungisha ndoa hizo. Lisiloomba halina la kujibu. Kilichobadilika 2020 ni kwamba maafisa wa serikali walipoteza ruhusa ya kukataa kwa sababu ya dhamiri, na afisa si mchungaji. Uingereza ilikwenda mbali zaidi: sheria ya 2013 inazuia Kanisa la Uingereza kufungisha ndoa za jinsia moja hata kasisi akitaka. Mfano wa kukutia wasiwasi kidogo ni Denmark. Kule kanisa la taifa liko chini ya bunge, na mwaka 2012 bunge likaliagiza lifungishe, ingawa kasisi mmojammoja anaweza kukataa. Sisi hatuna kanisa la taifa. Ibara ya 8 imelikataza.

Mstari wa Papa na Waanglikana wa Uingereza "kuanza kufungisha" ndoa hizo ufuteni wote. Nadhani mkanganyiko ulitokana na tarehe. Jumapili, Desemba 17, 2023, makanisa ya Kianglikana ya Uingereza yalianza kutumia sala za kuwaombea wapenzi wa jinsia moja ndani ya ibada za kawaida. Kesho yake, Jumatatu, Vatikani ikatoa waraka wa Fiducia Supplicans. Habari zote mbili zilifika Nairobi wiki moja na zikapikwa chungu kimoja. Waraka huo unaruhusu baraka isiyo ya kiliturujia, bila mavazi ya arusi wala ishara za ndoa. Januari 4 Vatikani ikafafanua kwamba ni sala ya sekunde 10 au 15 hivi. Wiki iliyofuata, Kardinali Ambongo wa Kinshasa, kwa niaba ya maaskofu Wakatoliki wa Afrika, akaandika kwamba hapa hata hizo sekunde hazitafaa. Tofauti kati ya baraka na ndoa ndiyo kiini cha ugomvi wao wote, na rasimu yenu imeiruka.

Halafu kuna aya ya mwisho, ile ya kuwaomba waumini "wawataje wanaoshukiwa". Hiyo iondoe hata kama mengine mtayaacha. Kifungu cha 162 kinaadhibu kitendo kilichothibitishwa mahakamani. Mwenendo, mavazi au watu wawili kukodi chumba kimoja Roysambu si ushahidi. Ibara ya 31 inalinda faragha ya mtu, na uhuru wa kusema katika Ibara ya 33 hauhusishi uchochezi wa vurugu. Jina likishatajwa kwenye kipaza sauti, mwenye nyumba ndiye wa kwanza kuchukua hatua, na baada yake ni vijana wa mtaa. Kijana wa watu atarushiwa vitu nje usiku, na mtakaoulizwa ni ninyi mliosoma.

Karani anachapisha Ijumaa. Nimekutumia nakala yenye masahihisho. Aya hiyo nimeipiga mstari mwekundu, na nafasi yake nimeiacha wazi.