Barua ya Wazi kwa Mkurugenzi wa Usalama Kazini: Mita Tatu za Mwisho za Mkono wa Gari la Kikapu

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Waraka wako kuhusu magari ya kikapu, yaani yale yenye mkono mrefu unaowainua mafundi ndani ya kikapu hadi kwenye nyaya za umeme, umetufikia, umesomwa kwenye kikao cha asubuhi na kubandikwa ukutani. Unamtaka kila opereta ahakikishe usalama wake kabla ya kunyoosha mkono wa gari hadi mwisho, kisha atie saini kwenye fomu. Sina ugomvi na fomu. Nakuandikia hadharani kwa kuwa agizo limemwangukia mtu aliye ndani ya kikapu, ilhali sehemu kubwa ya hatari anayotakiwa kuihakiki imekwisha kupangwa kabla hajavaa hanesi, ile mikanda ya kumzuia asianguke.

Mkono hunyooshwa hadi mwisho kwa sababu gari limesimama mbali na kazi. Na gari husimama mbali kwa sababu kulisogeza kuna usumbufu: kushusha kikapu, kulaza mkono mahali pake, kukunja miguu ya chuma inayolitegemeza gari, kwenda mbele mita chache, kukita miguu tena, kupima usawa tena, kuhamisha koni za barabarani. Hati ya kazi inahesabu nguzo zilizokamilika. Haina hata mstari mmoja wa kuhesabu mara ngapi gari limesogezwa. Basi kikosi kinapiga hesabu ambayo mtu yeyote angeipiga, na mita tatu zilizopungua zinatafutwa kwa mkono badala ya magurudumu.

Naomba tuzitazame mita hizo. Chukua mfano wa kikapu chenye mafundi wawili na vifaa vyao, jumla kilo 200. Kikiwa mita 4 kutoka kwenye egemeo la mkono, nguvu ya kulipindua gari ni 200 mara 4, yaani kilo-mita 800. Kipeleke mita 12 na sasa ni 2,400. Mkono wenyewe nao una uzito, na unaponyooka kitovu cha uzito wake kinatoka nje pamoja na kikapu. Ukiwa wa kilo 600 na kitovu chake kikahama kutoka mita 3 hadi mita 6, unaongeza 1,800 nyingine. Hakuna aliyepanda, hakuna spana iliyoongezwa, lakini gari linavutwa kwa nguvu zaidi ya maradufu. Anayetaka kuliona hili bila kalamu na ashike ndoo ya maji karibu na kifua, kisha ainyooshe pembeni na kuhesabu taratibu.

Waliobuni mashine hizi wanalijua hilo. Kwa magari mengi uwezo wa kikapu ulioandikwa kwenye kibao ni ule ule mkono ukiwa umekunjwa au umenyooshwa, kwa kuwa mtengenezaji amekwisha kuupimia umbali wa mwisho. Kiwango cha Marekani cha magari haya, ANSI A92.2, kinataka gari lisipinduke likibebeshwa mara 1.5 ya mzigo wake likiwa mahali tambarare, na mara 1.33 likiwa kwenye mteremko wa nyuzi 5. Wapo wasimamizi wanaozisoma tarakimu hizo na kuona nafasi ya kupakia kidogo zaidi. Huko ni kusoma kinyume. Ziada hiyo imewekwa kwa ajili ya vitu ambavyo kibao hakiwezi kuvipima: udongo unaotitia, kikapu kinachoyumba, upepo unaobadilika, mkono wa opereta uliochoka. Na uzito ulioandikwa unajumuisha kila kitu, yaani watu, mikanda, mikoba ya vifaa, na kile kikatio cha nyaya ambacho kila mara husahaulika kwa sababu kimening'inizwa nje.

Sasa shuka chini, Mheshimiwa, maana huko ndiko kwenye kesi yenyewe. Mkono ukiwa umenyooshwa pembeni, uzito hauendi sawasawa kwenye miguu yote. Mguu wa upande wa kazi unabeba sehemu kubwa mno. Tuseme umefikiwa na kilo 4,000, na kisahani chake kina upana wa sentimita 30 kwa 30. Ardhi hapo inakandamizwa kwa zaidi ya tani 44 kwa kila mita ya mraba. Weka chini yake ubao imara wa sentimita 60 kwa 60, na shinikizo hilo linashuka hadi tani 11 hivi. Kifaa kinacholeta tofauti hiyo ni ubao. Nimeona magari yanatoka yadi bila mbao hizo, au na mbao zilizopasuka katikati, huku redio ya dereva ikiwa imetengenezwa vizuri.

Na ubao hauoni kilicho chini ya lami. Mtaro uliofukiwa majuzi, mfuniko wa chemba, kalvati, shimo la maji machafu, ukingo wa barabara ulioliwa na mvua: vyote hivi hutulia gari linapokita miguu, kwa sababu wakati huo mkono bado umelala. Ardhi inaanza kusema ukweli mkono ukishafika mbali, wakati ambapo aliye juu hana la kufanya haraka. Ndiyo maana opereta mzoefu huzungusha mkono mtupu kwanza kwa kutumia vidhibiti vya chini, akiangalia kila mguu kama unazama au unanyanyuka. Zoezi hilo ni la dakika chache. Mguu unaonyanyuka hata upana wa kidole umeshatoa jibu, na jibu ni kusogeza gari au kutafuta gari jingine.

Kuhusu usawa, kile kipimo chenye povu kilichopo kwenye fremu ya gari kinadharauliwa kwa sababu makosa yake yanaonekana madogo. Kwa kikapu kilicho mita 15 juu, kila nyuzi 1 ya gari kuinama inakihamisha kikapu pembeni kwa sentimita 26. Nyuzi 3 ni karibu sentimita 80, na zote zinaelekea upande wa bondeni, upande ule ule ambao gari tayari linataka kulalia. Kanuni za OSHA, mamlaka ya usalama kazini ya Marekani, zinataka breki ifungwe, miguu ikitwe juu ya mbao au sehemu ngumu, na matairi yawekewe vizuizi kwenye mteremko. Hakuna jipya humo kwa fundi yeyote. Jipya lingekuwa kumwona msimamizi anasubiri hayo yote yafanyike bila kutazama saa.

Umbali huo huo unakuza kila anachofanya opereta kwa vidole. Mkono ukiwa mita 12, mzunguko wa nyuzi 1 tu unakisukuma kikapu sentimita 21. Kiwiko cha mkono wa kujikunja, kile kinachobaki nyuma wakati kikapu kinakwenda mbele, nacho kinaweza kujitokeza juu ya njia ya malori bila aliye juu kukiona, kwa sababu macho yake yako kwenye waya. Kwa hiyo vidhibiti visukumwe taratibu na viachiwe taratibu, na chini awepo mtu ambaye kazi yake ni kutazama. Yule kijana anayetumwa kufuata vikombe, kisha mbao, kisha kujibu simu ya ofisi, si mtazamaji.

Upepo nao unahitaji tarakimu badala ya hisia. Kiwango cha Ulaya cha EN 280 kinazipima mashine za kazi ya nje kwa upepo wa mita 12.5 kwa sekunde, kama kilomita 45 kwa saa. Upepo ukiongezeka maradufu, nguvu yake huwa mara nne, na kule juu huvuma zaidi kuliko pale mtazamaji aliposimama. Kipima upepo cha mkononi kinaingia mfukoni. Penye kibao cha mtengenezaji chenye kikomo cha chini zaidi, kibao ndicho kinachofuatwa.

Kuna jambo ambalo waraka wako haukuligusa kabisa, nalo ni winchi iliyo juu ya mkono, ile mashine ya kunyanyulia mizigo kwa kamba. Uwezo wa kikapu unaweza kuwa mmoja kote, lakini uwezo wa winchi hubadilika kufuata pembe ya mkono na urefu wa kijiti chake. Hapo jedwali la mizigo ndilo sheria. Magari yetu kadhaa yalinunuliwa yakiwa yametumika, na majedwali yao yameandikwa kwa lugha ambayo hakuna kikosini anayeisoma. Mengine yamepakwa rangi juu. Unamtakaje mtu atie saini kwamba ameheshimu jedwali lisilosomeka? Na hata jedwali likisomeka, linahusu kunyanyua wima. Kuvuta waya kwa pembeni, kuisukuma nguzo kwa kikapu, kukata waya uliokazwa huku umeegemea mkono: hayo yote yanaubana mkono upande ambao haukujengwa kubanwa, na umbali mrefu unayazidisha.

Niseme na la umeme, maana hapa ushauri wa kusogeza gari karibu una mpaka wake. Kwenye mikono ya kuchomoka, ile inayorefuka kwa sehemu moja kutoka ndani ya nyingine, sehemu ya faiba (nyuzi za kioo zisizopitisha umeme) inayokinga umeme imo ndani ya sehemu ya chuma, na kinga inapatikana tu ikishatoka hadi kwenye alama iliyowekwa. Ukiegesha chini kabisa ya kazi na kuuacha mkono mfupi, unaweza kuwa juu ya waya wenye umeme bila kinga uliyodhani unayo. Gari liegeshwe pale ambapo alama imevukwa na bado mwisho haujafikiwa. Sehemu hiyo ya katikati ndiyo mafunzo yetu yangepaswa kuifundisha kwa vitendo. Tena faiba inamkinga mtu dhidi ya njia ya kwenda ardhini kupitia gari. Haimkingi anayegusa waya mbili kwa pamoja, wala aliyegusa waya mmoja huku bega likiwa kwenye nguzo. Faiba yenye vumbi la chumvi, grisi au nyufa haitegemewi, na jaribio lake la umeme lifanywe kwa wakati wake na tarehe ibandikwe mahali ambapo opereta anaiona, isibaki kabatini mwa ofisi.

Hanesi ifungwe kwenye mkono au kikapu, kwa kamba fupi. Kanuni za OSHA zinakataza kujifunga kwenye nguzo ya jirani ukiwa ndani ya kikapu, na sababu yake iko wazi: gari likititia, nguzo haiendi nalo. Mkono mrefu ukipata mshtuko chini, kwa mfano mguu mmoja kuingia shimoni ghafla, ncha yake hurushwa kwa nguvu. Aliyemo anaweza kutupwa nje hata kama ukingo wa kikapu unamfika kiunoni. Asikalie ukingo huo wala kuupanda ili kuongeza nusu mita. Fundi anayepanda ukingo ametangaza kwamba gari limeegeshwa vibaya, na msimamizi aliye chini amemwona.

Hili la mwisho ndilo linaloninyima usingizi zaidi. Aliye juu akizimia, nani anamshusha? Vidhibiti vya chini vina mamlaka juu ya vile vya juu kwa ajili ya saa kama hiyo, na magari mengi yana pampu ya dharura inayotumia betri endapo injini imezima. Uliza kikosi chochote ni lini mara ya mwisho kiliijaribu pampu hiyo mkono ukiwa umenyooka. Kwa aliyetupwa nje na kuning'inia kwenye hanesi, dakika ni chache kabla damu haijaanza kumjaa miguuni. Na mkono ukiwa umegusa waya wenye umeme, anayekimbilia vidhibiti vya chini akiwa amesimama ardhini anaweza kufa kabla ya aliye juu. Asiguse gari mpaka umeme ukatwe na ithibitishwe. Aliye kwenye gari abaki humo, na moto ukimlazimisha kutoka aruke miguu ikiwa pamoja, bila kushika gari na ardhi kwa wakati mmoja, kisha aondoke kwa kurukaruka vivyo hivyo. Hili halisomwi kwenye ukuta likakaa kichwani. Linafanyiwa mazoezi.

Ninachoomba kwako, Mheshimiwa, kina gharama ndogo. Hati ya kazi ipewe mstari wa kuegesha upya gari, na muda wake uhesabiwe kama kazi iliyofanyika. Mpangaji aende eneo la kazi, au apate picha na vipimo vyake, kabla ya kuandika idadi ya nguzo, na aandike gari lipi linafika pale bila kumaliza mkono wake. Opereta akikataa kunyoosha, jina lake lisiende kwa meneja kama mchelewaji. Majedwali yatafsiriwe na mtu anayeijua mashine, yapigwe chapa na kufungwa kwa skrubu kwenye vidhibiti vya juu na vya chini. Mbao za miguu, kipima upepo na vizuizi vya matairi viandikwe kwenye orodha ya vitu ambavyo gari halitoki yadi bila kuwa navyo, kama lisivyotoka bila mafuta. Mazoezi ya uokoaji yafanywe kila robo mwaka, na ningefurahi ukiwepo mara moja, ukae kwenye vidhibiti vya chini na utushushe mtu wa majaribio kutoka mita 12.

Fomu yako tutaendelea kuitia saini. Ila iongezwe nafasi ya saini ya pili juu ya ile ya opereta, ya yule aliyepanga gari lisimame wapi.

Wako katika kazi,
Fundi wa laini na mkufunzi wa opereta wa magari ya kikapu