Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama Wenye Nyumba za Kupangisha, Dar es Salaam

Ndugu wanachama,

Mashauri mengi yaliyofika kwenye kamati mwaka huu hayakuhusu kiwango cha pango. Yalihusu LUKU (umeme wa kulipia kabla), karo (tangi la majitaka ya choo) na amana ya mpangaji, mambo ambayo mikataba inayonunuliwa stesheneri huwa haiyagusi. Kwa hiyo nitakaa zaidi hapo.

Kwanza, kodi ya jengo. Tangu Julai 2023 nyumba ya kawaida hukatwa shilingi 1,500 kwa mwezi kupitia LUKU, yaani 18,000 kwa mwaka. Ghorofa za mjini ni 7,500 kwa mwezi kwa kila sakafu. Anayedaiwa ni mwenye nyumba, lakini anayenunua umeme ni mpangaji. Mkataba wetu mpya unaeleza wazi kwamba alichokatwa mpangaji kinapunguzwa kwenye pango la awamu inayofuata. Na deni halisimami nyumba ikiwa tupu. Miezi minne bila mtu ni shilingi 6,000. Mpangaji mpya akinunua umeme wa 5,000, fedha yote inaweza kuishia kwenye deni, naye akaanza kuishi kwenu akiamini ametapeliwa. Nunueni umeme wenyewe kabla ya kukabidhi funguo. Mwenye mita kadhaa kwenye jengo moja apeleke namba zake zote TRA (Mamlaka ya Mapato) ili kodi ya jengo ibaki kwenye mita moja.

Mita ya kuchangia ina hasara nyingine. Kaya nne zikitumia mita moja, uniti 75 za mwezi hupita upesi, na mita hutoka kundi la watumiaji wadogo, D1, lenye bei ya shilingi 100 kwa uniti kwenda kundi la kawaida, T1, la shilingi 292, kabla ya VAT na tozo. Wapangaji wanalipia bei ya juu kwa sababu tu wamewekwa pamoja. Kila kaya iwe na mita yake. Pale isipowezekana, fungeni sabmita (mita ndogo ya kila kaya), na zisomwe tarehe ileile kila mwezi wapangaji wakishuhudia.

Karo limewagharimu wanachama wa maeneo ya chini kuliko kitu kingine chochote. Masika maji ya ardhini hupanda, shimo linalopokea maji ya karo na kuyaachia ardhini halinyonyi tena, na majitaka hurudi chooni. Wengi huita gari la kunyonya, likaondoka, na baada ya siku chache karo limejaa upya, kwa sababu tatizo si ujazo, ni shimo lililozibwa na mafuta ya jikoni na tope lililovuka kutoka kwenye karo. Jengeni karo la vyumba viwili, cha kwanza kikichukua theluthi mbili za ujazo, na bomba la kutokea liwe na kiungo cha T ili utando wa juu usivuke. Nyonyeni tope linapofika theluthi moja ya kina, na kazi hiyo iishe Februari. Kutotupa pedi na nepi chooni kuna kipengele chake kwenye mkataba.

Amana. Fomu ya makabidhiano inajazwa chumba kwa chumba, pamoja na picha, usomaji wa mita ya maji na idadi ya funguo. Pande zote mbili zinasaini nakala mbili. Rangi iliyofifia kwa miaka miwili ni uchakavu, haikatwi kwenye amana. Kitasa kilichovunjwa au sinki lililopasuka linakatwa, kwa risiti ya fundi. Salio linarudishwa ndani ya siku 14. Kamati haitamtetea mwanachama anayezuia amana bila risiti.

Mikataba ipelekwe kulipiwa ushuru wa stempu ndani ya siku 30: asilimia 1 ya pango la mwaka, kwa hiyo pango la 300,000 kwa mwezi ni 36,000. Mkataba usiolipiwa hauwezi kupokelewa kama ushahidi hadi ushuru na faini vilipwe, na mara nyingi mtu hugundua hivyo akiwa tayari mbele ya baraza la ardhi. Mpangaji akiwa kampuni atazuia asilimia 10 ya pango kama kodi ya zuio. Kwa miezi sita ya 800,000 mtapokea 4,320,000, nanyi mdai cheti cha 480,000 zilizozuiwa. Anayetaka milioni 4.8 kamili mkononi ataje bei ya 5,333,333 tangu mwanzo, si baada ya kusaini.

Kuhusu wadaiwa sugu: msikate maji, msing'oe mlango, msibadilishe kufuli. Ni kujigeuza mlalamikiwa kwenye shauri ambalo mlikuwa na haki. Andikeni notisi, nendeni baraza la kata kwa usuluhishi, na ukishindikana ndani ya siku 30, Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.

Mkataba na fomu viko kwa katibu. Mkutano mkuu utaombwa kupitisha kipengele cha dalali: malipo yake yatolewe mpangaji akishahamia, si akishaonyeshwa chumba.